Watu Sitini na Mmoja Juu ya Jiwe

Kazi yangu katika ile ofisi ya Ipagala ilikuwa kupika chai, kufagia na kuwaonyesha wageni pa kukaa. Kwa hiyo kila Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwamo katika chumba cha mikutano, na kila Jumatatu hakuna aliyeniona. Mtu mwenye birika mkononi huwa kama pazia. Watu husema mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya watoto wao.

Ndivyo nilivyosikia kaka yangu akiitwa mwongo, miezi miwili na nusu baada ya kumzika.

Jina lake Methusela. Alikuwa afisa wa shamba wa kampuni, na ndiye aliyeniombea nafasi pale baada ya mimi kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, mtaa wa Kikuyu, miaka mitatu. Kampuni ilikuwa inawapa wakulima mbegu za alizeti kabla ya mvua, kisha inanunua mavuno yao. Methusela alipita vijijini kuwaandikisha. Alikuwa na pikipiki, kofia moja ya kitambaa, na daftari kubwa la jalada gumu. Alimjua kila mkulima kwa jina na kwa ukoo, na kama mkulima ana mbwa mkali, alimjua na mbwa.

Kisha akaja Cornel.

Cornel aliajiriwa kuwa meneja wa mfumo. Siku ya kwanza alisema tumwite Injinia. Lameck, dereva wetu, akamuuliza kwa adabu kama ni injinia wa barabara au wa umeme, naye akajibu kwamba ni injinia wa taarifa. "Sawa Injinia," Lameck akasema, "taarifa tumeipata." Tangu siku hiyo alimwita hivyo kwa heshima nyingi mno, na Cornel hakuwahi kugundua kuwa zimezidi.

Alileta programu ya kompyuta yenye ramani ndani yake. Nitaieleza kama alivyotueleza, maana alitueleza mara nyingi. Kila mkulima angekuwa nukta juu ya ramani. Ukibonyeza nukta unaona jina lake, picha yake na ekari zake. Nukta zikiwa nyingi mahali pamoja zinaungana kuwa duara jekundu, na hapo ndipo lori la mbegu linapelekwa. Zikiwa chache, duara linakuwa dogo la kijani kilichofifia, na hao wanasubiri. Mkurugenzi wetu, Bi Generosa, angekaa kwenye kiti chake na kuiona kampuni nzima bila kutia vumbi kiatu. "Data itaamua," Cornel alisema. Aliyapenda maneno hayo. Alikuwa akiyasema ameinua kidevu kidogo, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Maafisa wa shamba walipewa vishikwambi, madaftari yakapigwa marufuku. Cornel alisema daftari ni mambo ya shule ya msingi. Methusela alipokea kishikwambi chake kwa mikono miwili, akashukuru, akaendelea kuandika na kwenye daftari.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Cornel hakulijua kuhusu fomu aliyoitengeneza mwenyewe, na asingeweza kulijua, kwa kuwa aliitengeneza kwenye kiti kinachozunguka, mahali ambapo mtandao haukatiki. Kishikwambi hakikuandika mahali ulipojazia fomu. Kiliandika mahali uliposimama ulipobonyeza neno TUMA.

Ukiwa Ipagala hilo halileti tofauti. Hata ukiwa Ihumwa halileti tofauti, maana mtu anajaza na kutuma papo hapo akiwa bado amekaa kwenye kigoda cha mwenyeji wake. Lakini Methusela alipangiwa Chilungule.

Chilungule nyumba zimetawanyika. Moja iko hapa, ya pili nusu saa kwa mguu, kwa sababu watu wana ng'ombe na kila mtu anataka nafasi yake. Mtandao hakuna, isipokuwa mahali pamoja: juu ya jiwe kubwa lililosimama peke yake katikati ya vichaka vya miiba. Mwenye mtoto Dar es Salaam hupanda hapo. Anayetaka kujua bei ya mbuzi mnadani hupanda hapo. Wenyeji wanaliita Jiwe la Simu.

Methusela alimwambia. Nilikuwapo, namimina chai.

"Injinia, kule Chilungule hakuna mtandao."

"Mfumo unafanya kazi hata bila mtandao, kaka. Unajaza, unahifadhi. Ukifika penye mtandao unatuma. Hayo yote nilishayafikiria."

"Sawa, bosi."

Akafanya hivyo hivyo. Julai nzima alilala kijijini. Mchana alizunguka nyumba hadi nyumba akijaza fomu, na jua likielekea kuzama alipanda lile jiwe, akakaa, akatuma. Aliandikisha wakulima sitini na mmoja. Aliniambia kwa simu kwamba upepo wa juu pale ni mzuri na kwamba amepata mahali pa kukaa panapoufaa mgongo wa mtu. Nilimsikia anatafuna karanga.

Mwisho wa Agosti aliugua figo. Alilala hospitali siku tisa. Tulimzika Hombolo, kijijini kwetu, tarehe kumi na nne Septemba.

Kampuni ilimtuma Cornel na shada la maua. Alisimama kaburini akasoma barua. Ilisema marehemu alikuwa mchapakazi na kwamba ndiye aliyeipatia kampuni duara kubwa kuliko yote katika ramani. Waombolezaji wakatazamana. Mama yangu akaniinamia sikioni.

"Duara gani?"

"La kazini, mama."

Akafuta macho na kutikisa kichwa. Alidhani ni kitu kama nishani.

Oktoba walikuja wageni waliokuwa wanafikiria kuifadhili kampuni. Nilipika chai na kutandaza maandazi. Ukutani palikuwa na ramani, na juu ya Chilungule duara jekundu pana kama sinia. "Wakulima sitini na mmoja," Bi Generosa akasema, "ndani ya mita thelathini." Mgeni mmoja akaandika. Mwingine akauliza kama eneo hilo lingefaa kujengwa kituo cha mbegu, na Cornel akasema data inaonyesha hivyo.

Chumba kile kilikuwa na watu saba wenye shahada. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wakulima sitini na mmoja, wenye ekari zaidi ya mia mbili na mifugo yao, wanaenea vipi mahali padogo kuliko viwanja viwili vya mpira wa pete. Mimi Jiografia nilipata D. Nikafikiri labda kuna jambo sijalielewa.

Novemba lori lilikwenda Chilungule limejaa mbegu. Lameck aliliendesha kwa kufuata ramani, na alinisimulia yote aliporudi, akiwa amesimama mlangoni pa jiko langu na kikombe mkononi.

"Simu ikaniambia nimefika," alisema. "Natazama mbele, jiwe. Natazama kulia, miiba. Nikapiga honi. Wakatoka pimbi, wakakaa juu ya jiwe wakanitazama. Niliwahesabu, Yasinta. Hawakufika sitini na mmoja."

"Hukuuliza watu?"

"Nilikutana na wachunga ng'ombe wawili. Nikawaambia natafuta wakulima. Wakanionyesha kwa mkono pande zote nne. Nikampigia Injinia kutoka juu ya jiwe, nikamwambia watu wamezunguka pande zote, niwafuate? Akasema mfumo hauruhusu kushusha mzigo nje ya duara. Nikamwambia kwenye duara niko na pimbi. Akasema rudi."

Jumatatu iliyofuata Cornel aliwasha projekta na kuweka ramani ile ile ukutani. Safari hii hakuinua kidevu.

"Madam, hili ni suala la uadilifu," alimwambia Bi Generosa. "Nukta sitini na moja, zote mahali pamoja, zote zimetumwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Nimeangalia picha ya setilaiti. Eneo zima hakuna bati hata moja. Hakuna makazi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mtu alipanda juu ya jiwe, akakaa, akabuni majina."

"Na picha za watu?"

"Picha unapiga mnadani, madam. Mnada mmoja tu unapata watu mia."

Bi Generosa akashika paji la uso. "Na wageni tukawaonyesha."

"Marehemu, Mungu amrehemu, alituchezea."

"Angalau angekuwa anahamahama kidogo," akasema mtu wa masoko. "Leo jiwe hili, kesho jiwe lile."

Wakacheka. Wakaninyooshea vikombe huku wanacheka. Nilimimina chai kwenye vikombe vyote na sikumwaga hata tone. Walijua mimi ni nani, hati yangu ya kuajiriwa ina jina la ukoo wa marehemu. Walisahau tu, kama mtu anavyosahau kwamba pazia lilishonwa na mtu.

Katibu akaandika kwenye muhtasari: afisa marehemu alibuni majina ya wakulima wa Chilungule, majina yote yafutwe baada ya uhakiki. Niliusoma jioni nikipangusa meza.

Kesho yake nilileta daftari la Methusela kutoka nyumbani. Nilimkuta Cornel mezani kwake, nikamsalimia, nikalifungua mbele yake.

"Injinia, wote sitini na mmoja wamo humu. Na njia ya kwenda kwa kila mmoja."

Akasoma kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu kibichi. Ukurasa ule ulisema: Tereza Chedego. Toka kwenye jiwe, shika njia ya ng'ombe upande wa machweo, robo saa. Ukiona mkokoteni uliovunjika gurudumu kata kulia. Ekari nne. Bisha hodi kwa sauti, hasikii vizuri sikio la kushoto.

"Dada Yasinta, hili halina koordineti."

"Lina njia."

"Mkokoteni unahama. Latitudo haihami."

"Huo hauhami. Umevunjika gurudumu."

Akaniangalia kama birika limesema. Kisha akalifunga daftari na kunirudishia. "Pole na msiba," akasema, "lakini hisia na data ni vitu viwili."

Nilirudi jikoni. Sikulia, nilikuwa na sufuria la kuosha.

Uhakiki wenyewe ulikuwa ni Cornel kwenda Chilungule, kupiga picha mahali patupu, na kurudi. Bi Generosa alitaka picha hizo kwa ajili ya wageni. Lameck ndiye aliyetangulia kusema.

"Madam, wazee wa kule Kiswahili wanakizungumza kwa shida. Tukikutana na mtu tutaongea naye nini? Yasinta ni Mgogo. Chai siku moja watajimiminia."

Bi Generosa akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Aende."

Tuliondoka Alhamisi alfajiri. Cornel alikaa mbele na kishikwambi mapajani, amevaa viatu vya kahawia vyenye ncha. Mimi nilikaa nyuma na daftari. Tulipofika kwenye jiwe alishuka, akapiga picha upande huu na upande ule, akapanguza vumbi kwenye kiatu, akasema, "Mmeona. Tugeuze."

"Tumeshafika, Injinia," Lameck akasema. "Tunyooshe miguu robo saa tu. Ukitaka, piga picha na huko kama hakuna kitu."

Hilo lilimpendeza, picha zaidi za mahali patupu. Nikatangulia. Tulifuata njia ya ng'ombe upande wa machweo. Mkokoteni ulikuwapo, umelala ubavu, gurudumu limetoka, nyasi zimeota kati ya mbao. Nilisimama hapo kidogo. Kaka yangu alisimama hapo na kalamu.

"Haya, mkokoteni upo," Cornel akasema. "Nyumba iko wapi?"

Alinyoosha mkono mbele yake, kuonyesha utupu. Mkono ulielekea kwenye tembe, hatua ishirini.

Asiyeijua tembe hawezi kulaumiwa kwa kutoiona kutoka mbinguni. Ni nyumba fupi, ndefu kwa ubavu, na paa lake bapa ni udongo uliotandazwa juu ya miti. Kiangazi udongo wa paa na udongo wa nchi ni rangi moja. Setilaiti ikipita inaona ardhi. Lakini Cornel hakuwa mbinguni. Alikuwa hatua ishirini, na juu ya ile ardhi kulikuwa na maboga yaliyoanikwa na kuku wawili.

"Ni hiyo unayoionyesha," nikamwambia.

Nikabisha hodi kwa sauti. Akatoka mama mmoja, amejifunga kaniki, mkono mmoja umejaa unga wa mtama.

"Mbukwenyi," akatusalimia.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama usoni kwa muda. Kisha akaongea Kigogo, nami nakiandika kama nilivyokielewa. "Wewe ni wa Methusela. Una meno yake."

"Mimi ni mdogo wake."

"Yuko wapi? Alisema ataleta mbegu kabla ya mvua. Mashamba tumeshayasafisha. Watu hapa wanasema alitudanganya, alikula karanga zetu akaenda zake. Hata mimi nimesema."

Nikamwambia amefariki tangu Septemba.

Tereza akakaa chini pale pale mlangoni. Akapangusa unga mkononi polepole, kidole kimoja kimoja. "Basi tumemsema mtu aliyekufa," akasema.

"Anasemaje?" Cornel akauliza.

"Anasikitika kwamba kaka yangu amekufa."

"Muulize ana ekari ngapi."

Lameck akageuka kutazama kuku. Mimi nilimuuliza. Ekari nne, kama daftari lilivyosema.

Cornel alijaza fomu. Kishikwambi kikamwambia hakuna mtandao, akabonyeza HIFADHI. Sasa ilikuwa vigumu kwake kurudi, maana mtu mmoja alikuwa amethibitika, na Lameck alikuwa anasema kwa heshima zake zile, "Injinia, si bora tumalize hata kurasa chache za daftari?" Tulikwenda nyumba ya pili, ya tatu. Kila mahali daftari lilikuwa sawa: mzizi uliojikunja, kisima kilichokauka, mbwa mwenye sikio moja. Kila mahali niliulizwa Methusela yuko wapi, na kila mahali nilianza upya kusema. Nyumba kumi na saba, nilimzika mara kumi na saba. Cornel hakujifunza hata salamu. Alikuwa akisimama nyuma yangu akingoja niulize ekari.

Njiani alikuwa ameshapata maelezo. "Hawa kumi na saba wapo, sawa," alisema. "Wataingia kwenye ripoti kwamba meneja aliwagundua. Lakini maeneo aliyoyaandika marehemu ni ya kubuni. Hilo halibadiliki."

Jua lilikuwa linashuka tuliporudi kwenye gari. Ripoti ilitakiwa siku ile ile, kwa hiyo Cornel aliuliza mtandao uko wapi. Lameck akamwonyesha jiwe kwa kidevu.

Alipanda na viatu vile, akiteleza, akishika kwa mikono. Nilimfuata. Juu kabisa kuna mahali jiwe limebonyea kama kiti, na pamelainika kwa makalio ya watu. Pembeni kulikuwa na maganda ya karanga yaliyokauka, yamekwama kwenye ufa. Upepo ulikuwa mzuri, kama alivyoniambia.

Cornel akakaa papo hapo, kwenye kile kiti. Akafungua fomu ya kwanza, akabonyeza TUMA. Akafungua ya pili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na niliona ramani kwenye kioo. Kila alipobonyeza, nukta mpya ilizaliwa chini ya kitako chake. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakuitazama. Aliiamini ramani yake kama watu wanavyoiamini saa ya ukutani, na hakuna anayekaa kuitazama saa ya ukutani kama inatembea.

Nilihesabu mpaka kumi na saba. Nikajua kaka yangu alifanya nini, na kwa nini.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilinyamaza. Ningemwambia, angezifuta zile nukta na kuziweka upya kwa utulivu ofisini, na Jumatatu pasingekuwa na cha kuona.

Jumatatu alisimama mbele amevaa tai. Akaeleza kwamba amefanya uhakiki katika mazingira magumu na kwamba, kwa juhudi za meneja, wakulima kumi na saba halisi wamegunduliwa. Kisha akawasha ramani. Duara la Chilungule lilikuwa limenenepa. Juu yake iliandikwa sabini na nane.

Akaifunga, akaifungua tena.

"Mtandao leo uko chini," akasema.

"Kuza," Bi Generosa akasema.

Akakuza. Duara likapasuka kuwa nukta, zote juu ya jiwe moja.

"Bonyeza hiyo. Hiyo ya pembeni."

Kikatokea kidirisha. Jina la mkulima, Tereza Chedego. Ekari nne. Mkusanyaji wa taarifa, Cornel.

"Nyingine."

Cornel. Nyingine, Cornel.

"Injinia," Bi Generosa akasema bila kutabasamu, "ulipanda juu ya jiwe ukakaa?"

"Madam, hii ni hitilafu ya mfumo. Inaonekana unachukua mahali fomu inapotumwa badala ya mahali inapojazwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Kwa Methusela lilikuwa suala la uadilifu. Kwa Cornel likawa hitilafu ya mfumo. Ilichukua kama dakika moja kubadilika. Mtu wa masoko alikuwa anatazama kalamu yake kwa makini sana. Hakuna aliyetaja jiwe hili na jiwe lile.

"Basi irekebishwe," Bi Generosa akasema. "Tuendelee na ajenda ya pili."

Wakaninyooshea vikombe. Nilibaki nimesimama na birika.

"Madam," nikasema, "naomba iandikwe."

Wote wakageuka. "Iandikwe nini, Yasinta?"

"Kwenye muhtasari uliopita mliandika kwamba marehemu Methusela alibuni majina. Naomba na hii iandikwe. Kwa jina lake."

Cornel akakohoa. "Tutaandika kwamba changamoto ya kiufundi imetambuliwa na kutatuliwa."

"Uongo mliuandika kwa jina la mtu," nikamwambia. "Ukweli mnauandika kwa jina la changamoto?"

Sikupandisha sauti. Sijui kuipandisha. Lakini vikombe vilikuwa bado viko hewani na mimi sikuwa namimina. Mtu wa masoko aliweka chake chini kwanza. Bi Generosa alinitazama, akatazama ramani, akatazama tena mimi. Nadhani alikuwa anakumbuka jina langu la ukoo.

"Katibu, andika," akasema.

Nilisimama mpaka katibu alipomaliza kuchapa na kuisoma kwa sauti: imebainika kuwa taarifa zote zilizokusanywa na marehemu Methusela kutoka Chilungule zilikuwa za kweli, na kwamba kosa lilikuwa la ramani. Hapo ndipo nilipomimina. Chai ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyo hivyo.

Mbegu zilikwenda Chilungule wiki ile ile, siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Lameck aliendesha, mimi nilikaa mbele na daftari mapajani. Cornel alibaki ofisini. Alikuwa amehamisha mstari mmoja katika programu yake, ili ichukue eneo pale fomu inapofunguliwa, na kwa ubunifu huo Bi Generosa alimpa cheti mbele ya wageni. Kiko ukutani kwake, ndani ya fremu. Vumbi lake nililipangusa mimi mpaka siku nilipoacha kazi.

Kwa Tereza tulishusha mifuko miwili. Nilimsomea ile karatasi ya muhtasari niliyotoa nakala, nikaigeuza kwa Kigogo neno kwa neno. Alisikiliza akinielekezea sikio la kulia.

"Kwa hiyo walikuwa hawajui tunakaa hapa?"

"Hawakujua, mama."

"Yule mwenye viatu alikuja akasimama hapo mlangoni."

"Alikuja."

"Sasa anajua?"

"Anajua. Wamempa cheti."

Tereza alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii akacheka mpaka akashika mfuko wa mbegu asianguke, na Lameck naye akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Septemba.

Kisha akajifuta macho kwa pindo la kaniki. Akapanda juu ya paa lake, ile ardhi isiyoonekana kutoka juu, akaweka mikono mdomoni na kuita kuelekea upande ambako daftari linasema kuna nyumba nyingine, nusu saa kwa mguu. Hakusema kampuni imeleta mbegu. Alisema Methusela ameleta mbegu, na kutoka mbali mtu akamjibu.

Lameck aliwasha gari. Nikafungua ukurasa wa pili wa daftari, nikamwonyesha njia.